Tundu la Kumi na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Kabla sijakusalimu, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mto wangu: mimi napiga bunduki. Kila Jumamosi asubuhi, tangu mwaka jana. Na usicheke, napiga vizuri.

Haya. Limeshatoka, sasa tusalimiane kama watu. Hujambo, kaka? Kikohozi cha vumbi la unga kimekuachia? Mama alisema ulipopiga simu sauti yako ilikuwa ya mzee wa miaka sabini, na kwamba huko kinuni wamekutoa kwenye mashine wakakuweka kwenye mizani, unapima magunia kutwa nzima. Nilifurahi kusikia umetoka kwenye vumbi. Halafu nikakwama kwenye hilo neno mizani, na sababu utaiona ukifika mwisho. Tafadhali usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kwenye vitabu vyangu vya hadithi, ukaniambia nani amekufa kabla sijafika ukurasa wa kumi.

Sisi huku wazima. Mama yuko kwenye zamu za asubuhi mwezi huu, wodi ile ile ya dharura, viatu vile vile vya mpira vinavyolia kwenye sakafu kama panya aliyebanwa mlangoni. Mimi nimepanda darasa, nimerefuka, na bado naketi dawati la nyuma karibu na dirisha. Bado mwalimu akiniuliza swali jibu nalijua, na bado jibu linafika kwenye meno linageuza. Darasani wananiita Redio Mbovu. Wewe endelea kuniita Sisimizi, hilo nimeshalizoea na angalau sisimizi anakwenda mahali.

Barua hii niliianza kwa lugha ya shule. Nikaandika nusu ukurasa, nikausoma, nikaona nimeandika insha: utangulizi, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Lugha ile nimejifunza kwa kusahihishwa, kwa hiyo nikiwa ndani yake najipanga, natoka mtu safi. Nikaichana. Hii ya nyumbani ndiyo uliyonifundishia kufunga kamba za viatu, sina pa kujificha ndani yake.

Nianze na mjomba. Najua hutaki kumsikia. Miaka mitatu hujamtaja, na mama naye hamtaji, ingawa ni mdogo wake wa tumbo moja. Karakana yake ya kutengeneza mizani iko mitaa miwili tu kutoka kwetu, na mama akitoka kazini anazunguka kwa njia ya sokoni, na miguu ile inavyomuuma, ili asipite mbele yake. Mimi mwaka jana nilipita. Mlango ulikuwa wazi, yeye yuko mezani na ile miwani yenye kioo cha kukuza, ameinamia mizani ya bucha, na mimi nikasimama kizingitini kama mtu aliyefika harusini bila kadi. Akanyanyua kichwa, akanitazama, akasema nimerefuka, nikae pale kwenye kigoda, nisiguse kitu. Ndivyo tulivyopatana. Hakuna aliyelia.

Unajua mtaani wanavyomsema. Kwamba mwenye bunduki lazima awe mtu wa hasira. Kwamba analala nayo. Kwamba mwindaji hupiga chochote kinachotikisa majani. Yule mama muuza mkaa alimwambia mama mbele yangu kwamba polisi walimnyang'anya mjomba bunduki yake kwa kumtishia mteja, yeye aliona kwa macho yake mawili: mjomba anaingia kituoni nayo, mjomba anatoka mikono mitupu. Na kweli aliona. Ila alichokiona ni mjomba akiipeleka mwenyewe. Baada ya ile siku ya kabati aliitia kwenye begi lake, akaenda kwa ofisa wa leseni, akamwambia kuna mtu asiyeruhusiwa ameishika kwa sababu yeye mwenyewe alificha ufunguo kijinga, basi ikae kwao mpaka apate akili. Ilikaa miezi sita. Sasa kabati lina kufuli la namba, na namba anaijua yeye peke yake. Siku moja nilimtania kwamba bila shaka ni mwaka wake wa kuzaliwa. Jioni ile ile aliibadilisha.

Nilimuuliza pia kama haogopi, kuishi na kitu kile ndani ya nyumba. Akasema anaogopa kila anapoishika, na siku atakapoishika bila kuogopa, siku hiyo hiyo atavua kofia ya uwindaji na kuirudisha bunduki kituoni asubuhi, hata chai hatasubiri.

Wewe ulikwenda naye kuwinda, ukimbebea chupa ya chai, kwa hiyo haya yote unayajua. Mimi niliyekuwa nabaki nyumbani nilidhani mnakwenda kufyatua mchana kutwa. Kumbe kuwinda, kwa alivyonieleza, ni kazi ya kulala kifudifudi kwenye umande na kurudi na njaa. Alinisimulia ile asubuhi wakulima walipomwita kwa ajili ya nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi. Kibali mfukoni, mmelala kwenye tuta tangu giza, nguruwe akatoka, mkubwa kama kabati, akasimama ubavu. Na mjomba hakupiga. Nyuma ya nguruwe, mbali, kulikuwa na njia ya miguu, na ukungu ulikuwa haujaondoka, hakuweza kuona kama kuna mtu anayepita. Nguruwe akaenda zake. Wakulima wakawacheka mpaka wakashika mbavu, mmoja akauliza kama bunduki ile ni ya kukorogea uji. Mjomba anasema wewe hukucheka wala hukuona haya. Ulimuuliza swali moja tu: risasi ikimkosa nguruwe, inakwenda mpaka wapi?

Akaniambia pale ndipo alipoamua kukufundisha kazi yake. Mtu anayeuliza swali lile, alisema, unaweza kumpa mizani ya watu ukalala usingizi. Alipomaliza kusema alitazama pembeni. Na mimi nikatazama pembeni nyingine.

Subiri kidogo.

Alikuwa mama, amekuja kuchukua ndoo mlangoni kwangu. Nimefunika karatasi kwa atlasi, nikajifanya natafuta mito na maziwa. Amenipongeza kwa kusoma hata Jumapili. Unaona ninavyoishi.

Basi, nilimwomba mjomba anipeleke kwenye uwanja wa shabaha. Mwanzo alikataa. Akasema bunduki ya moto hata nisiiwaze kwa umri wangu, lakini ile ya upepo, inayotoa vidonge vya risasi vidogo kama punje ya mchele, vijana wanaruhusiwa, chini ya usimamizi na kwa fomu iliyotiwa sahihi na mzazi. Nikaichukua fomu. Baada ya wiki nikairudisha, ina sahihi ya mama. Mama hajaiona fomu ile mpaka leo. Nilijifunza sahihi yake nyuma ya daftari la hesabu, mara arobaini, mpaka ile herufi ya mwisho inayopinda kama mkia wa paka ikanikubali.

Na hapo ndipo nilipoharibu zaidi ya nilivyodhani. Mjomba alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Alidhani ni yeye anaandikiwa. Alidhani dada yake amelegea. Akasema nimwambie asante, na nimpe salamu. Kaka, salamu zile ninazo. Kila Jumamosi ananipa nyingine, mara nimwambie dada apunguze chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, mara amemwona mtu anayefanana na marehemu babu, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, nitafikisha. Zimenijaa mpaka hapa. Mama kwa upande wake anajua Jumamosi niko kwenye masomo ya ziada.

Usidhani namwona mama mjinga. Siku moja alirudi amechelewa, akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu, akaniambia wameletewa kijana wa umri wangu mwenye risasi ya paja, na kwamba muda wote kijana yule alimshika yeye mkono akimwita mama. Watu wengi huogopa bunduki kwa kusikia. Mama anaziona upande ule risasi zinakoishia. Kwa hiyo darasani, mwalimu alipotupa mada ya watu wenye silaha, na mmoja akasema wote wana damu machoni, na mwingine akasema wote ni mashujaa, nilikaa na maneno yangu yote mdomoni. Nilitaka kusema namjua mtu mmoja asiye hivi wala vile, anayetengeneza mizani. Nikachora duara kwenye daftari, ndani yake duara, ndani yake nukta.

Lakini uwanjani, kaka! Natamani ungeniona uwanjani.

Nilikwenda siku ya kwanza nikitegemea mibaba yenye shingo nene na miwani nyeusi. Nikamkuta mwoka mikate, mzee mmoja mstaafu wa posta anayebeba mto wake wa kukalia, na wanafunzi kadhaa. Mkuu wao ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, alikuwa mkunga maisha yake yote, na kila mtu anamwita Mkunga mpaka nimeshindwa kujua jina lake. Ni ukumbi mrefu kama ghala, ubao wa shabaha upande mmoja na mstari wa rangi nyekundu upande wa pili. Amri yake ya kwanza si kulenga. Ni fungua, tazama, onyesha. Ukishika bunduki unaifungua, unatazama kama haina kitu, unamwonyesha mwenzako. Hata kama nimekuona ukiifungua sasa hivi, ukinipa naifungua tena, na hakuna anayeona ametukanwa. Mzee wa posta huifungua mpaka ile ya plastiki ya mjukuu wake. Siku ya kwanza niliweka kidole karibu na kifyatulio kabla ya amri, Mkunga akaniambia kwa upole kabisa kwamba amepokea watoto elfu kadhaa kwa mikono ile na hana nafasi ya kumrudisha hata mmoja. Kidole changu hakijarudia.

Nilidhani itahitaji nguvu, au jicho la tai. Inahitaji kupumua. Unavuta pumzi, unaitoa nusu, unakaa pale katikati ambapo kifua hakina habari, na unasikia moyo wako kwenye shavu lililolala kwenye kitako cha bunduki. Unangoja. Hakuna anayekuharakisha, hakuna anayesema sema basi, ongeza sauti. Mahali pote nilipowahi kusimama kimya changu kilikuwa ugonjwa. Pale ni ustadi. Mkunga alisema hajapata mwanafunzi anayejua kunyamaza kama mimi, na alimaanisha sifa.

Mwenzangu wa karibu ni msichana tunayemwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake haupumziki, unakwenda tatatatata tangu anavua koti. Yeye shabaha namba sita, mimi namba tano. Ananiita Bi Kizibo. Anasema akinioa mimi, kwa maana ya kama angekuwa mwanamume, nyumba ingekuwa na amani sana na yeye angekufa kwa upweke. Nampenda. Ni mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kunichekesha mpaka nikakosa shabaha.

Jana kulikuwa na mashindano, na ndiyo sababu ya barua hii. Atakayeshinda anakwenda kwenye timu ya vijana. Kila mtu karatasi moja, vidonge kumi, Mkunga mwamuzi. Mjomba alikuja akakaa nyuma kabisa, mikono magotini, kama anasubiri daktari. Nilianza vizuri. Mapigo manne, yote katikati, matundu yanagusana. La tano, la sita. Kabla ya la saba mkono ukachoka, nikaishusha bunduki nipumzike kama tulivyofundishwa. Nikainyanyua tena, nikaegemeza shavu, nikapumua nusu, nikabonyeza. Pigo safi. Nikatazama kwa darubini nilione tundu langu, silioni. Sita tu. Nikasogeza darubini kidogo kulia.

Lilikuwa pale, zuri kabisa, katikati ya karatasi ya Cherehani.

Kosa hilo halimpati mtu mwingine duniani isipokuwa mpiga shabaha. Mpishi hawezi kuivisha sufuria ya jirani kwa bahati mbaya. Nilipoinyanyua bunduki nilikuwa nimelenga karatasi namba sita, shabaha ya jirani, nikapiga kwa utulivu wote nilionao. Nikamalizia matatu yaliyobaki kwenye yangu, mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Karatasi zikaletwa mezani. Mkunga akahesabu ya Cherehani: kumi na moja. Sheria ya pale iko ukutani kwa herufi kubwa, aliyepiga zaidi ya kumi anatoka. Cherehani akaapa amepiga kumi, akaapa tena, akaanza kuhesabu kwa vidole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue maneno yakamwishia. Watu wakaguna. Mmoja akasema mdomo mwingi hivi hata kuhesabu unasahau, wakacheka. Halafu Mkunga akachukua ya kwangu. Akaiinua kwenye mwanga. Akasema anaona matundu tisa, lakini hili la katikati ni pana, inawezekana mawili yamepita mlango mmoja, na kwa mpigaji huyu haitakuwa ajabu. Ikiwa ndivyo, mshindi ni namba tano.

Akasema, "Inawezekana. Mimi sikuwa ndani ya mtutu. Anayejua ni mpigaji."

Kisha akaiweka karatasi mezani, akakunja mikono. Sasa nadhani alijua. Tisa huku, kumi na moja kule, mtu yeyote mwenye vidole anaweza kujumlisha. Lakini wakati ule nilisikia ukumbi mzima unaninong'oneza ninyamaze, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nisingehitaji kusema uongo wowote. Ningetazama miguu yangu tu, kama zamani.

Mkono wangu ukapanda. Hata darasani haujawahi kupanda. Nikasema, na sauti ilitoka kama mlango mkavu, "La saba ni langu. Nimempigia kwake."

Cherehani aliachia pumzi, halafu akaniita mjinga, halafu akanikumbatia, halafu akasema tundu langu lilikuwa bora kuliko yake yote na anataka kubaki nalo. Mkunga alinikata alama mbili, pamoja na pigo lenyewe. Nimekuwa wa nne. Wa nne haendi popote. Aliniambia nirudi Jumamosi ijayo na mzazi wangu mwenyewe, anataka kumwona mtu aliyenilea, na fomu zinajazwa upya mwaka huu mbele yake.

Tukarudi kwa miguu na mjomba. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo. Akaniambia angependelea wa nne wa namna ile kuliko kombe. Akasema anaujua mkono ule, kwamba ile siku karakanani alisubiri mkono kama ule uinuke na haukuinuka. "Kaka yako angeuinua siku ile," alisema, "nisingemuuliza neno la pili. Leo angekuwa amekaa pale mezani pangu, mizani ya mji huu wote iko mikononi mwake."

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya duka la viatu. Nilipaswa kusema palepale. Nikasema nimechoka, nikageuka nyumbani.

Kaka, ni mimi.

Niliyefungua kabati ni mimi. Mama alikuwa zamu, mjomba amekwenda kurudisha mizani dukani, wewe uko uani nyuma ya karakana, chini ya bomba, unaosha viatu na kupiga mluzi. Nilikuwa nimeshamwona mjomba akiuficha ufunguo kwenye lile sanduku la mawe ya mizani, chini ya jiwe la gramu mia tano. Shuleni msichana mmoja alikuwa ameniambia kwamba bunduki ya mjomba ina alama zilizochongwa, moja kwa kila mtu aliyemuua. Nilitaka kuhesabu. Hazikuwepo. Palikuwa na mbao laini na harufu ya mafuta, basi. Niliilaza mapajani, nzito kuliko nilivyofikiri, sijui kama ilikuwa na kitu ndani au haina, maana sikujua hata kwamba kuna kutazama. Leo ndipo najiuliza mtutu ule ulikuwa umeelekea wapi. Ulikuwa umeelekea dirishani. Nje ya dirisha ndipo palipokuwa na bomba.

Halafu mluzi wako ukakatika. Nikairudisha, nikafunga, nikauweka ufunguo chini ya jiwe la gramu mia mbili.

Mjomba aliingia, na kabla hajatua begi alitazama lile sanduku. Mtu anayesikia gramu tano kwa kidole! Akatusimamisha. Akauliza nani. Wewe wiki moja nyuma ulikuwa umemwomba uishike, kwa hiyo macho yake yalikuja kwako. Ukasema si wewe. Kisha ukanitazama mimi, mara moja tu, na baada ya hapo hukusema tena kitu chochote, hata mama alipokuja, hata aliposema bunduki ile na mwenye nayo wasikanyage tena mahali walipo watoto wake, hata mjomba aliposema hawezi kumpa mizani mtu anayedanganya juu ya bunduki. Mwezi haukuisha ukafunga begi.

Sijui kama ulijua. Nimekaa miaka mitatu na ule mtazamo wako. Mara nyingine naamini uliniona kupitia dirisha ukaamua kunibebea. Mara nyingine naamini uliniomba tu niseme kitu, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, si mtoto wa kutojua. Nilipiga kwenye karatasi yako, kaka, ukatolewa wewe, na mimi nikabaki na matundu yangu safi.

Watu hudhani bunduki inadhuru ikifyatuliwa tu. Ile haikufyatuliwa. Iligawa nyumba yetu vipande vitatu ikiwa imefungwa kabatini, kwa sababu ya mdomo wangu, na kidogo kwa sababu ya ufunguo, maana mjomba mwenyewe anasema kosa la kwanza lilikuwa lake. La pili ni langu. La kwako sijaliona.

Nimeanza na wewe kwa kuwa jina lililochafuka ni lako. Leo namwambia mama, la kabati na la fomu pamoja, na salamu zote za mjomba nazitua, hata ile ya chumvi. Huenda akakataa kutia sahihi ya kweli. Ana haki. Huenda bunduki ya upepo nisiishike tena mpaka nitakapokuwa mtu mzima, na itaniuma, nakuambia kweli, itaniuma kuliko kukosa timu. Jumamosi nitakwenda karakanani, nitakaa kwenye kigoda kile, nitamwambia mjomba kwamba swali la risasi inakwenda mpaka wapi liliulizwa na mtu ambaye hakumdanganya. Mengine ni yake na yako. Kama hutaki kumwona, sitakulaumu. Kama hutaki kuniona mimi, nitakulaumu kidogo tu.

Wape salamu wenzako wa kinuni, hasa yule uliyesema anakoroma akiwa amesimama. Kunywa maji, funga kitambaa puani hata kama uko kwenye mizani. Na hiyo mizani ya magunia, ikianza kudanganya, usimwite fundi wa huko. Tuandikie. Tuna fundi.

Viatu vya mama vinalia ukumbini. Ametoka jikoni, amepita mlango wake, anakuja huku. Atlasi iko chini ya kitanda nilipoitupa. Mkono umelala kando ya karatasi, hautetemeki, nimetoa pumzi nusu. Anauliza kama bado nasoma. Nimemwambia hapana, mama, naandika, ingia.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi